Ukialikwa Ibadani kwa Wamennonite: Tuliyoyaona na Tuliyojifunza



Katika kurasa hizi vikundi huandika mara nyingi juu ya ziara zao. Wengine walikwenda kuona ng'ombe wa maziwa, wengine nyuki, wengine jiko la kupunguza kuni. Tunasoma na tunafurahi. Lakini karibu kila ziara ya siku tatu ina Jumapili ndani yake, na habari za hiyo Jumapili huwa hatuandiki. Mgeni hupelekwa kanisani kwa wenyeji wake, pengine si kanisa lake, anakaa mbele kwa sababu ni mgeni, na hajui asimame lini wala aseme nini. Ndiyo tumeonelea tueleze yaliyotupata sisi, pamoja na makosa yetu.

Sisi ni kikundi cha mwethya kutoka Ukambani. Wengi wetu ni wa A.I.C., wengine Wakatoliki, na wachache wa makanisa mengine. Jina la Wamennonite tulilisikia kwanza kwa sababu ya maji. Huku kwetu mito ni ya mchanga, inajaa wiki mbili na kukauka miezi mitano. Mkijenga ukuta wa mawe na saruji kukata mto, pahali penye mwamba, mafuriko yanaleta mchanga na kuujaza nyuma ya ukuta, na maji yanabaki ndani ya mchanga. Jua haliyafikii kwa urahisi na mbu hawapati pa kutaga. Mabwawa ya namna hii yamejengwa mengi Ukambani kwa mikono ya mwethya, na kati ya waliosaidia kupata saruji ni Kamati Kuu ya Mennonite, ambayo wengi wanaijua kwa herufi MCC, ikishirikiana na watu wa Utooni. Basi sisi tukajua jina hilo liko kwenye magunia na kwenye barua. Kwamba ni kanisa lenye watu wanaoimba Jumapili, hilo hatukuwa tumelifikiria.

Kisha tukapata mwaliko. Kikundi kimoja cha akina mama kule Migori, karibu na mpaka wa Tanzania, kilitaka kujua habari za mchanga na maji, na sisi tulitaka kuona jinsi wao wanavyouza mboga pamoja. Akina mama hao karibu wote ni wa Kanisa la Mennonite la Kenya. Tulichagua watu sita. Tulipanda basi hadi Nairobi, kisha usiku kucha kupitia Narok na Kisii, tukafika Ijumaa miguu imevimba.

Kuna jambo moja lazima tulitaje sasa, maana bila hilo mengine hayataeleweka. Kati ya wale sita alikuwa mama mweka hazina wetu, na alikuwa mama mwingine ambaye miezi minne kabla alikuwa amesema mbele ya watu kwamba pesa za miche zimeliwa. Ilikuwa shilingi elfu nne. Tangu siku hiyo hao wawili hawakusalimiana. Tuliwachagua wote wawili tukidhani safari itawapatanisha. Haikuwa hekima. Mtu akikaa usiku mzima kwenye basi karibu na mtu asiyesema naye, anafika na hasira zaidi.

HAWA WATU WALITOKA WAPI

Wengi wetu tulikuwa tumeona picha za wazungu wa Marekani wenye ndevu na makofia mapana, wakiendesha mikokoteni ya farasi, tukaambiwa hao ndio Wamennonite. Mmoja wetu aliuliza kama atakatazwa kuingia na simu. Ukweli ni kwamba wale wengi wa kwenye picha ni Waamish, ndugu zao waliojitenga nao mwaka 1693 wakimfuata Jakob Ammann. Wako Wamennonite wa zamani kule Pennsylvania ambao bado wanatumia farasi, lakini Wamennonite wengi duniani wanavaa kama majirani zao. Pale Migori wazee walikuwa na koti, akina mama vitambaa kichwani, na vijana walivaa kama vijana wa pahali popote.

Chanzo chao ni Ulaya. Januari 1525, katika mji wa Zurich nchini Uswisi, watu wachache walikutana nyumbani wakabatizana wakiwa watu wazima. Wote walikuwa wamebatizwa utotoni, kwa hivyo wakuu wa mji waliwaita wabatizaji-tena, Waanabaptisti. Leo mtu anaweza kusema, hiyo ni kitu gani ya kuulia mtu? Lakini siku hizo kubatizwa ulipozaliwa ndiko kulikokuandika kuwa raia na mtu wa kanisa kwa pamoja. Anayesema ubatizo ule haukutosha alikuwa kama anayerarua kipande cha serikali. Felix Manz, mmoja wao, alizamishwa mtoni hapo hapo Zurich Januari 1527. Wengi wengine walichomwa moto au walifukuzwa.

Jina lenyewe la Mennonite linatokana na Menno Simons, padre wa Uholanzi aliyeacha upadre mwaka 1536. Kabla tu ya hapo kundi moja la Waanabaptisti lilikuwa limeuteka mji wa Münster kwa upanga, likisema linaleta ufalme wa Mungu, na mwisho wake ulikuwa damu. Menno alifundisha kinyume cha hayo: kwamba mfuasi wa Kristo hachukui silaha, hata kwa ajili ya imani yake. Hapo ndipo watu hawa walipopata sifa ya kuwa kanisa la amani.

Afrika Mashariki walifika mwaka 1934. Elam Stauffer na Orie Miller, waliotumwa na Wamennonite wa Lancaster, Pennsylvania, walichagua Shirati, ng'ambo tu ya mpaka wetu, katika nchi ya Mara. Mwaka 1942 kukawa na uamsho mkubwa pale Shirati. Watu waliungama mbele ya wenzao, wakarudisha vitu walivyoiba, na waumini wakavuka mpaka kwa miguu kuja kuhubiri kwa jamaa zao upande wa Kenya. Tunaomba msomaji aliangalie hilo vizuri. Kanisa la Mennonite huku Kenya halikuanzishwa na mzungu aliyeshuka kwenye meli. Liliingia na Waafrika waliotoka Tanganyika kuwaona shemeji na wajomba. Mwaka 1967 Zedekia Kisare, Mjaluo wa Shirati, aliwekwa kuwa askofu wa kwanza Mwafrika wa Kanisa la Mennonite Tanzania. Leo Wamennonite na ndugu zao wa jamii ya Waanabaptisti walio Afrika ni wengi kuliko wa bara lingine lolote. Kwa hiyo ukienda kwao usitazame huku na huku ukimtafuta mzungu. Sisi tulimtafuta, tukachekwa.

JUMAMOSI JIONI

Tulidhani Jumamosi jioni ni ya kupumzika. Kumbe kesho yake ilikuwa Jumapili ya Meza ya Bwana, ambayo hapo hawaifanyi kila wiki. Kabla ya siku hiyo waumini hukutana kwanza, na jambo linaloulizwa ni moja: je, una amani na Mungu, na una amani na mwenzako? Desturi hii ni ya zamani, ilikuja na wale wa Lancaster, na pale inashikwa bado. Mtu mwenye neno na mwenzake anatakiwa aliseme kabla ya kukaribia meza. Kama halikumalizika, anasubiri.

Sisi kama wageni hatukuwa na haja ya kuhudhuria, lakini mama mwenyeji wetu alisema karibuni tu, kaeni nyuma. Tulikaa nyuma. Hatutaandika yaliyosemwa, maana hayakuwa yetu. Tutasema tu kwamba mzee mmoja alisimama akataja habari ya mpaka wa shamba, na yule mwingine aliyekuwa akitajwa alikuwa ameketi benchi la pili, na walitoka wote wawili na shemasi wakaenda kusimama nje kwenye giza muda mrefu. Waliporudi hawakutangaza chochote. Walikaa benchi moja.

Mama mweka hazina alikuwa upande wa kushoto. Yule mwingine alikuwa upande wa kulia. Na sisi wanne wengine tuliangalia chini.

JUMAPILI YENYEWE

Ibada ilitangazwa saa tatu. Ukifika saa tatu utapata watu wachache na kwaya inafanya mazoezi. Msiseme basi mtachelewa, kwa sababu mgeni huanza kusubiriwa mlangoni. Wazee wawili walitupokea kwa mkono, mmoja mmoja, wakisema "Oyawore", na kila mtu baada yao pia akatupa mkono. Kusalimiana huku hakufanywi haraka haraka. Mmoja wetu alikuwa na haraka ya kupata kiti, akampita bibi mmoja bila kumpa mkono, na bibi alimfuata hadi ndani.

Wanaume huketi upande mmoja na akina mama upande mwingine. Si sheria kila mahali, mjini wanachanganyika, lakini kwa mashamba tazama kwanza watu wameketi vipi. Mgeni atavutwa mbele. Usikatae sana.

Nyimbo ni nyingi. Wale wa Ulaya na Marekani wanajulikana kwa kuimba kwa sauti nne bila ala yoyote, na hao wazungu wa kwanza wa Shirati walikuja na uimbaji huo. Huku sauti nne zimebaki lakini ngoma na kayamba zimeongezwa, na kinanda kama kipo. Tulisikia pia Tukutendereza, wimbo wa uamsho, ambao kila mmoja wetu aliujua. Hapo ndipo tulipoanza kujisikia nyumbani. Mahubiri yalikuwa kwa Dholuo na kijana mmoja akitafsiri kwa Kiswahili, kwa ajili yetu sisi sita. Mkalimani wa namna hii anastahili kushukuriwa kwa jina baada ya ibada. Sisi tulisahau, tukakumbuka tukiwa tumekaa kwenye chakula.

Sasa tuje kwenye kosa letu kubwa. Baada ya matangazo, wageni husimamishwa wajitambulishe na wasalimu. Mwenyekiti wetu alisimama vizuri, akaleta salamu za Ukambani, akashukuru. Angekaa hapo. Lakini akaendelea. Akaeleza kwamba shule yetu haina tenki, kwamba ukuta wa bwawa la pili umesimama kwa sababu ya saruji, na kwamba tunajua kanisa hili lina moyo wa kusaidia. Kanisa lilinyamaza. Mchungaji akasema "Erokamano" kwa upole sana, na wimbo ukaanza.

Baadaye mzee mmoja alituita kando. Hakuwa na hasira. Alituuliza, nyinyi mmewaona hawa akina mama wakienda mtoni asubuhi? Tukasema ndiyo, tumewaona. Akauliza, na mkadhani hawa ndio wanaotuma saruji?

Tulieleweshwa hivi. Ile Kamati Kuu ya Mennonite ni shirika la makanisa ya Marekani na Kanada. Ilianzishwa mwaka 1920, wakati wa njaa kubwa kule Urusi ya kusini, ambayo sasa ni Ukraine, ambako Wamennonite wengi waliishi. Walipeleka chakula, baadaye matrekta, ili watu waweze kulima tena wenyewe. Tangu hapo imesaidia watu wa dini zote katika nchi nyingi. Lakini kanisa la kijijini Migori ni kitu kingine. Ni la wakulima na wavuvi wanaojenga kwa harambee kama sisi, na sadaka yao ya kusaidia wagonjwa na wajane inatoka mifukoni mwao. Kuomba msaada katika dakika ya salamu ni kuwatoza waliokupikia. Ukiwa na shida ya kikundi, andika barua, upeleke ofisi inayohusika, na kanisani useme salamu tu.

Mwenyekiti wetu amekubali tuandike haya. Alisema afadhali yeye awe mfano kuliko ninyi.

Kwa upande wa sadaka, kapu hupitishwa na mgeni anatoa akitaka. Hapo palikuwa pia na mnada baada ya ibada: mtu analeta kuku, mayai au ndizi badala ya pesa, na vinauzwa papo hapo. Sisi tulikuwa tumebeba pojo debe moja kama zawadi. Tuliombwa kama inaweza kuuzwa kwenye mnada ikiwa sadaka yetu, tukakubali. Bei ilipanda kwa utani, maana kila mtu alitaka kusema amekula chakula cha Wakamba.

JUU YA UBATIZO

Ndugu zetu Wakatoliki wawili walikuwa na swali tangu Ijumaa, na waliuliza kwa heshima: kama mnabatiza watu wazima tu, sisi tuliobatizwa tukiwa wachanga mnatuonaje? Shemasi alijibu bila kuzunguka. Wao wanaamini ubatizo ni ahadi ya mtu mwenyewe, na mtoto hawezi kuahidi. Kwa hivyo mtoto analetwa mbele anaombewa, na ubatizo unangoja mpaka aweze kujibu kwa kinywa chake baada ya mafundisho. Maji kwa kawaida yao ya zamani humiminwa kichwani, ingawa wako wanaozamisha. Akaongeza kwamba mgeni hapimwi mlangoni. Katika hilo hatukupatana, na hakuna aliyetaka tupatane. Tulifurahi kwamba aliulizwa akajibu, maana mara nyingi katika vikundi vyetu vya mchanganyiko tunaogopa kuuliza, halafu tunasengenya njiani.

Kitu kingine kilichotushangaza ni kiapo. Wamennonite kwa mafundisho yao hawaapi, hata mahakamani. Wanasema ndiyo iwe ndiyo. Sheria yetu ya Kenya inamruhusu mtu kuthibitisha kwa maneno bila kuapa, kwa hivyo hawapati shida. Sisi katika katiba ya kikundi chetu tulikuwa tumeandika kwamba viongozi wataapishwa wakishika Biblia. Mzee mmoja wa kwetu alisema pale pale kwamba mweka hazina aliapishwa na bado tuko na maneno. Angeweza kunyamaza.

Na juu ya amani, nyumbani kwa mchungaji kuna picha ukutani, imekatwa kwenye kalenda. Inaonyesha mtu amepiga magoti akimvuta mwingine kutoka majini. Tuliambiwa ni Dirk Willems wa Uholanzi, mwaka 1569. Alikuwa amefungwa kwa ajili ya ubatizo, akatoroka, akakimbia juu ya maji yaliyoganda kwa baridi. Sisi watu wa jua hatuyajui maji ya namna hiyo: yanakuwa magumu juu, mtu anakanyaga, lakini yakiwa membamba yanapasuka. Yeye alikuwa amekonda kwa njaa ya gerezani, akapita. Askari aliyemfuata alizama. Dirk akarudi, akamtoa. Alikamatwa hapo hapo na akachomwa moto. Mama mmoja wa kwetu alisema huo ni ujinga. Mama mwenyeji akasema hata yeye alisema hivyo siku ya kwanza, na sasa anaiangalia hiyo picha miaka yote na bado hajui angefanya nini.

BESENI NA TAULO

Baada ya mkate na kikombe ndipo wakaleta mabeseni. Tulikuwa tumeambiwa usiku, lakini kuambiwa si kuona.

Habari yenyewe iko katika Injili ya Yohana, sura ya 13, Yesu alipowaosha wanafunzi miguu akawaambia nao wafanyiane. Wamennonite wa desturi hii wanalifuata kama lilivyo. Wanakuita kutawadhana miguu. Wakatoliki wetu walijua padre akiosha miguu ya watu kumi na wawili siku ya Alhamisi Kuu. Hapa hakuna padre. Ni wawili wawili: huyu anamwosha huyu, kisha wanabadilishana. Wanaume walikuwa upande wao, akina mama wakaenda nyuma ya pazia la leso. Maji yanatiwa joto kidogo. Unakunja suruali, unavua soksi, na kama soksi yako ina tundu hapo ndipo litaonekana. Anayeosha anainama, anamwagia maji, anapangusa kwa taulo. Halafu wote wawili wanasimama, wanakumbatiana, na kila mmoja anamwombea mwenzake baraka.

Mgeni anakaribishwa kama ni mtu aliyebatizwa na yuko katika amani na kanisa lake. Halazimishwi. Ukipenda kuketi, keti, hakuna atakayekutazama vibaya. Anayetaka kujiunga anapangwa na aliye karibu naye kwenye mstari, hachagui. Mwenyekiti wetu alipangwa na yule mzee aliyemwita kando. Anasema maji yalikuwa moto kuliko alivyotarajia, na hajui aseme nini zaidi.

Upande wa akina mama, wenzetu wametueleza. Mstari ulisogea. Akina mama wa kwetu walikuwa wanne, wamekaa huku na huku, lakini watu walivyoinuka wawili wawili, hesabu iliangukia pale ilipoangukia. Mama mweka hazina akapewa taulo. Wa mbele yake kwenye kigoda alikuwa awe yule mama aliyesema pesa zimeliwa.

Yule mama alisimama. Alivaa viatu vyake, akatoka nje.

Mweka hazina alibaki ameshika taulo. Hakuna aliyesema kitu. Kisha bibi mmoja mzee sana, ambaye alikuwa ameshaoshwa, akaja polepole akaketi kwenye kigoda kile, akanyoosha miguu yake tena.

Tulimkuta mwenzetu chini ya mwembe. Hatukumwuliza. Tulidhani ametuaibisha, na tukiwa kwenye chakula, ambacho kilikuwa kizuri, samaki na ugali na kuku, tulikuwa tukimtazama kwa pembe ya jicho. Shemasi, mama wa makamo, alikwenda akaketi naye mwembeni, akala naye huko. Alipotuaga jioni alituambia jambo moja tu: kwamba kwa mafundisho yao, aliyetoka alifanya sawa. Mtu asiye na amani asishike taulo.

Tumelifikiria sana hilo tangu siku ile, na tunaona sisi tuliobaki ndani tulikuwa wepesi kuliko yeye. Kila mmoja wetu alijua habari ya elfu nne. Kila mmoja alikuwa amechukua upande, na alikuwa amesema neno nyuma ya mgongo. Tuliosha miguu ya wageni tusiowajua, ambao hatuna deni nao, tukajisikia watakatifu.

KURUDI

Kwa wale watakaoalikwa, yako machache yaliyobaki. Msiondoke mara baada ya ibada, maana baada ya kutoka watu husimama kwa mstari nje na kupeana mikono tena, na huko ndiko habari zinakoelezwa. Vaeni kwa heshima, akina mama wachukue kitambaa cha kichwa hata kama kwao hawavai. Picha ombeni ruhusa, na wakati wa kutawadhana msipige kabisa. Mkirudi andikeni barua ya shukrani, si ujumbe wa simu tu. Ya kwetu ilisomwa kanisani, tulivyosikia.

Kwenye basi, baada ya Kisii, yule mama alisema bila mtu kumwuliza. Alisema hakutaka kumwosha mtu miguu kisha arudi nyumbani aendelee kumwita mwizi. Kama ni mwizi, kitabu kiseme. Kama si mwizi, yeye ataomba radhi mbele ya wale wale aliosema mbele yao. Mama mweka hazina alikuwa viti viwili mbele. Alijibu bila kugeuka kwamba Jumatano atakileta kitabu.

Tulikaa Jumatano hiyo kuanzia saa tatu hadi saa nane, chini ya mti pale kitaluni, kikundi kizima. Hatukuapisha mtu. Elfu mbili ilikuwa karatasi za kupandia miche, zilizonunuliwa sokoni bila risiti, na muuzaji tulimwita akakubali. Elfu moja na mia nne ilikuwa deni la mwanachama mmoja aliyechukua miche ya miembe akasema atalipa baada ya mavuno. Alikuwa ameketi kati yetu miezi minne yote akisikia mwenzake akiitwa mwizi. Ameanza kulipa. Mia sita hazikuonekana. Tuliandika hivyo kwenye kitabu, kwamba mia sita hazijulikani zilipo, na wale akina mama wawili wakatia sahihi mmoja chini ya mwingine, na yule aliyesema pesa zimeliwa akasimama akasema aliyoahidi kusema.

Wenyeji wetu wa Migori watakuja kuona bwawa baada ya mvua za Novemba. Watakuwa hapa Jumapili, na tumeshaulizana watakwenda kanisa gani kati ya yetu. Bado hatujapatana.